Mjomba, tuinunue Hilux ya mradi au tuendelee kukodi?

Mjomba wa Gereji, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Njombe, na naomba unijibu kabla mume wangu hajaenda kulipa amana ya mnada.

Mimi nakusanya parachichi za Hass kwa wakulima wadogo wa upande wa Lupembe na kuzipeleka kwa wafungashaji hapa mjini. Msimu ukikolea napeleka mara tatu kwa wiki, kreti 40 kila safari, na kreti moja ina kilo 20 hivi. Gari sina. Wakati wa kiangazi nakodi Kirikuu, ile pikapu ndogo, ambayo inanibidi iende mara mbili. Mvua zikiwepo nakodi Canter, maana Kirikuu kwenye ule udongo mwekundu inalala njiani na matunda yangu. Nikijumlisha hela za kukodi msimu mzima napata kizunguzungu.

Sasa kuna mradi wa wafadhili umemaliza muda wake huku kwetu, na magari yao yanauzwa kwa mnada wa hadhara mwisho wa mwezi. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa dereva wao, ndiye aliyetuletea tangazo. Yapo magari mengi ila mawili ndiyo tunayoyaweza. La kwanza ni Hilux double cabin ya mwaka 2014, dizeli, injini ya 3.0, imetembea kilomita 287,000, bei ya kuanzia milioni 22. Hii ilikuwa inatembea mpaka mradi ulipofungwa. Ya pili ni Hilux single cabin ya 2012, injini ya 2.5, kilomita 198,000, bei ya kuanzia milioni 13, ila imeegeshwa kwenye uwanja wao zaidi ya miaka miwili, majani yameota mpaka usawa wa milango. Zote zina 4x4 na zote zina namba za DFP.

Mume wangu ni mwalimu mstaafu na moyo wake uko kwenye double cabin. Anasema gari la mradi halifi kwa sababu wazungu hawacheleweshi service, na kwamba familia nayo itapata pa kukaa. Shemeji naye anasema double cabin anaijua nje ndani na kwamba atatuendeshea yeye mwenyewe. Kuna rafiki yangu wa kikoba anaona wote wamepotea, nichukue single kwa sababu ina kilomita chache. Kaka yangu wa Makambako anasema magari ya ofisi hayana mwenyewe, kila mtu anayapiga anavyotaka, niagize gari Japani basi.

Hela zangu ni hizi: nina akiba ya milioni 20, ila ndani yake milioni 6 ndizo huwa nazungusha kulipa wakulima msimu unapoanza. SACCOS wako tayari kunikopesha milioni 15. Kamati yao ya mikopo inakaa mara moja kwa mwezi.

Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Shemeji anasema mtu wa pale stoo anataka laki tano "ya maji", ili siku za kukagua awe anawaambia watu kwamba double cabin ina tatizo la injini, wapandaji bei wapungue. Mume wangu amenyamaza, hajasema ndiyo wala hapana. Nikikataa naonekana naharibu bahati ya familia. Nifanyeje?

Mchuuzi wa Parachichi, Njombe

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako imenifurahisha kwa jambo moja: umeandika mzigo wako kwa kilo na kwa kreti. Wengi wanaoniandikia huanza na rangi. Kwa hiyo nami nianze na mzigo, kabla ya injini na kabla ya shemeji.

Kreti 40 za kilo 20 ni kilo 800. Double cabin ya Hilux ina bodi ya nyuma yenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Kama kreti zako ni zile za kawaida za sentimita 60 kwa 40, safu moja itameza kreti sita au saba tu, halafu unaanza kupandisha ghorofa. Utafika safu ya sita au ya saba ndipo uzimalize, na hapo mzigo umepita juu ya kabini na unayumba kila kona. Uwezo wa gari lenyewe, ukishatoa dereva na kijana wa kupakia, uko hapo hapo kwenye kilo 800 au pungufu. Maana yake kila safari yako ya Lupembe itakuwa safari ya kujaza gari mpaka mwisho, tena sehemu kubwa ya uzito ikiwa imekaa juu na nyuma ya ekseli ya nyuma. Waulize mafundi wanaochomelea chesisi wakwambie Hilux za milango minne hupasuka wapi: nyuma ya kabini, pale bodi inapoanzia.

Mradi haukukosea kununua double cabin. Uliinunua ibebe maofisa watano, mafaili na makasha ya maji ya kunywa. Ukinunua gari lililotoka kazini, unanunua chaguo la mtu aliyelihitaji kwa kazi nyingine, na swali la kazi ipi halipo kwenye tangazo lolote la mnada.

Single cabin ina bodi ndefu, mita mbili na robo na zaidi. Kreti zako zinakaa safu nne, unafunga turubai na kuondoka. Kwa mzigo wako hilo ndilo gari. Lakini usimshangilie rafiki yako wa kikoba bado, kwa sababu amelichagua kwa sababu isiyo sahihi.

Kilomita 198,000 dhidi ya 287,000, kwa magari ya aina hii, hazikuambii kitu kikubwa. Kwanza gari la ofisi linafanya kazi hata likiwa limesimama. Wakubwa wako kwenye kikao, dereva yuko ndani na kiyoyozi kinanguruma saa tatu nzima. Injini inakula masaa na mita haisogei. Pili, na hili ndilo la kuliangalia sana kwako, gari la mradi huchakaa mara mbili: mara ya kwanza barabarani, mara ya pili kwenye uwanja likisubiri kibali cha kuuzwa. Uchakavu wa barabarani unaandikwa kwenye kitabu cha service. Ule wa uwanjani hauandikwi na mtu.

Miaka miwili juani na mvuani hufanya haya. Dizeli iliyobaki ndani ya tangi inakusanya maji ya unyevu, tangi linaota kutu, na ile takataka inasubiri siku ya kwanza utakapowasha ili iende kwenye pampu na nozeli. Injini ya 2.5 ya Hilux za miaka ile hutumia pampu ya presha kubwa na nozeli za kompyuta, na vitu hivyo havisamehi maji wala mchanga. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, silinda za magurudumu zinaganda. Sili zinakauka, na siku ukiwasha oili inaanza kudondoka sehemu ambazo zamani zilikuwa kavu. Panya wanakata waya. Tairi zinapasuka ubavuni hata kama kashata, yale meno ya tairi, bado ni nene. Betri, hiyo usiihesabu kabisa.

Halafu kuna panya wa miguu miwili. Nimekaa ofisi za usafirishaji za kutosha kujua kwamba gari likiegeshwa muda mrefu linageuka stoo ya spea za mengine. Leo ya kwenye kazi imekufa alteneta, wanaazima ya lile la majanini. Kesho stata. Wiki ijayo nozeli mbili. Hakuna anayeiba, kila mtu anasema tutarudisha. Mradi unafungwa kabla hawajarudisha. Kwa hiyo siku ya ukaguzi usitosheke kufungua boneti na kuona kuna injini. Fundi wako ahesabu: stata ipo, alteneta ipo, turbo ipo, nozeli nne zipo na zinafanana, spea tairi na jeki vipo. Namba ya injini isomwe, ilinganishwe na iliyo kwenye kadi. Namba ya chesisi vivyo hivyo, ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Injini ikiwa imebadilishwa bila kuandikishwa, TRA, watu wa kodi na kadi za magari, watakusumbua wewe, si mradi uliokwisha funga ofisi.

Sasa shemeji. Huyu ana thamani kubwa kwako kuliko mnavyomtumia, ila mnamuuliza habari za gari alilopenda yeye kuendesha. Muulize habari za single. Mkae naye chini, chai mezani, mume wako awepo, umuulize swali moja: siku ile single ilipoegeshwa, ilifika pale kwa moto wake au ilivutwa?

Jibu la swali hilo lina uzito kuliko kilomita zote mbili mlizoniandikia. Kama iliingia yenyewe, dereva wake akakabidhi ufunguo kwa sababu mkataba wake uliisha au bajeti ya mafuta ya kitengo kile ilikatwa, unanunua gari zima lililolala. Kama ilivutwa kwa kamba, unanunua ugonjwa ambao mradi wenye hela za wafadhili ulishindwa kuutibu au uliona haulipi. Muulize pia kama ilikuwa na dereva mmoja au ilikuwa ya kila mtu. Kaka yako wa Makambako hajakosea kwamba gari lisilo na mwenyewe linapigwa. Lenye dereva mmoja mara nyingi linatunzwa kuliko la mtu binafsi, maana likiharibika yeye ndiye anayekosa posho ya safari.

Baada ya hapo omba faili. Miradi ya wafadhili inaandika kila kitu kwa sababu ya wakaguzi: kitabu cha safari, oda za matengenezo, ankara za gereji. Tangazo la mnada huwa halitaji mafaili haya, lakini mengi yapo kwenye makabati palepale, na ukiyaomba kwa heshima siku ya ukaguzi unaweza kuruhusiwa kuyapitia. Usisome yote. Tafuta mwaka wa mwisho kabla ya kuegeshwa. Gari linaloanza kuchoka linajionyesha hapo: klachi, kisha radieta, kisha klachi tena, kisha "gari linatoa moshi", kisha kimya. Tafuta pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Injini hizi za 2.5 na 3.0 zote zina mkanda, si cheni, na ukikatika pistoni zinakutana na valvu na hapo hakuna matengenezo madogo. Kwa single, hata faili likisema ulibadilishwa, wewe badilisha. Mpira wa miaka hiyo siuamini.

Siku ya ukaguzi nenda na fundi wako wa dizeli, umlipe siku nzima, asiwe fundi wa shemeji. Mbebe betri yenye chaji, dumu la lita tano la dizeli safi, na mipira ya kuunganishia. Kabla ya ufunguo, fundi avute kijiti cha oili. Oili ya rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na hapo mnaweza kurudi nyumbani mapema. Kama iko sawa, aweke spana kwenye boliti ya puli ya krenki na kuizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili. Ikizunguka bila kukwama, aunganishe dumu lenu moja kwa moja kwenye chujio, mrejesho nao urudi kwenye dumu, tangi la zamani liachwe kando kabisa. Ndipo mwashe. Kwenye viwanja vingine watawakatalia kuwasha. Wakikataa, bei yako inashuka papo hapo kichwani mwako, kwa sababu unanunua usichokisikia.

Ikiwaka, moshi mweupe wa dakika za mwanzo baada ya miaka miwili si ajabu. Ukiendelea injini ikiwa imeshapata moto, hiyo ni habari nyingine. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma: ikipumua kwa nguvu na kutoa moshi pale, ringi zimekwisha. Mwisho alale chini na tochi aifuate chesisi kutoka mbele hadi kwenye vikono vya springi za nyuma, akitafuta nyufa na welding mpya iliyopakwa rangi nyeusi. Vitu kama bushi, boljoint na shokapu msivigombanie. Chukulieni vyote vimekwisha, vipigeni hesabu mapema.

Double cabin sitaichambua kwa urefu huo. Si mbovu kwa kuisoma. Mkanda wake wa taimingi unafika zamu kwenye 300,000, iwe fundi anahesabu kila 100,000 au kila 150,000, na injini ile ya 3.0 inajulikana kwa washa za shaba za nozeli kuvuja mpaka masizi yanaziba chujio la oili chini kwenye sampu. Ikigonga asubuhi na mapema kabla haijapata moto, na Njombe baridi ya kuijaribia mnayo, jua ndiyo hiyo. Lakini hata ikiwa nzima kabisa, bodi yake bado ni fupi kwa kreti zako.

Tufike kwenye herufi tatu ulizozitaja kama vile ni jambo dogo. Namba za DFP ni za miradi inayofadhiliwa na wahisani. Magari yale huingia nchini kwa msamaha wa kodi, na msamaha ni wa mradi, si wa chuma. Gari likihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa, kwa thamani ya gari wakati huo. Thamani hiyo inapungua kwa uchakavu lakini haifiki sifuri. Lirudie tangazo ulitafute sentensi ya kodi, mara nyingi imejificha kwenye masharti ya mwisho. Ikisema mnunuzi atawajibika kwa kodi zote, basi milioni 13 na milioni 22 ulizoniandikia si bei, ni mwanzo wa bei. Kesho chukua namba za chesisi za magari yote mawili, mwaka na ukubwa wa injini, nenda ofisi ya TRA hapo Njombe uombe wakukadirie kabla ya mnada. Ukiuliza baada ya nyundo kugongwa, jibu lao halina msaada tena. Waulize pia gharama za kubadili umiliki, ushuru wa stempu na namba mpya. Na kwa kuwa madereva wa miradi wanaijua barabara ya Makambako hadi Mafinga, na askari wenye tochi za kupima mwendo nao wanawajua, angalia kama namba hizo zina faini ambazo hazijalipwa.

Jambo jingine ambalo watu hawalisomi: minada ya namna hii kwa kawaida hudai asilimia 25 papo hapo na iliyobaki ndani ya siku 14. Ukishindwa, amana imepotea. Kamati yenu ya SACCOS inakaa mara moja kwa mwezi. Kama itakaa wiki moja kabla ya mnada na wewe hukupeleka maombi, hela itatoka baada ya siku zako 14 kupita na gari litakuwa la mtu mwingine, na robo yako wamebaki nayo. Peleka maombi sasa, yapitishwe kabla. Usiposhinda mnada unaweza kuyafuta. Uliza pia kama wanataka bima kubwa kwa gari la mkopo, maana wengi wanataka, na bima kubwa ni hela ya kuonekana.

Sasa hesabu. Kwa barua yako, akiba na mkopo ni milioni 35. Mimi naona 29. Zile milioni 6 za wakulima zitoe, usizipigie hesabu hata kwa mzaha, kwa sababu gari lisilo na matunda ya kubeba litakula mkopo likiwa limesimama. Kwenye 29, kwa single tenga milioni 5 za kuifufua: tairi, betri, mkanda, kusafisha tangi, breki, oili zote za injini, gia na difu, na akiba kama nozeli zitakuwa zimekufa, maana nozeli halisi zinauzwa kwa bei ya kukera. Tenga milioni moja ya bima na makaratasi. Zimebaki 23. Toa kodi utakayotajiwa na TRA. Kinachobaki ndicho kikomo chako, ukikiandika kwenye karatasi usikivuke, na kwa maoni yangu hata kodi ikiwa ndogo usipandishe single zaidi ya milioni 16. Juu ya hapo unalipa bei ya gari linalotembea kwa gari lenye majani mlangoni.

Ukifanya hesabu hiyo hiyo kwa double cabin, kwa matengenezo madogo zaidi, ya milioni 3 na nusu, na ile milioni moja ya bima na makaratasi, unabaki na 24 na nusu kabla ya kodi, na bei ya kuanzia ni 22. Mtu mmoja akinyoosha mkono mbele yako, umekwisha. Na kodi hujalipa. Kwa hiyo kama Mwalimu anaipenda sana double cabin, na simlaumu, ni gari zuri la kwendea msibani na harusini, aseme anaweka kiasi gani kutoka kwenye kiinua mgongo chake. Kwenye barua yako yote sijaona hata shilingi yake.

Japani ya kaka yako ni njia nzuri kwa anayetaka gari la mjini. Pikapu ya dizeli yenye 4x4 ya kuagiza, ikishalipiwa ushuru wote bandarini Dar, kwa milioni 29 sidhani kama utaipata ambayo ni nzuri kuliko hii. Kuendelea kukodi si aibu pia. Kama single ilivutwa kwa kamba, au TRA wakikutajia kodi inayokushusha chini ya 13, msimu huu endelea kukodi Canter, mwenye Canter mpe mkataba wa msimu mzima badala ya safari moja moja, na bei itashuka. Miradi inafungwa kila mwaka, na kampuni za chai na za mbao huko kwenu nazo zinauza pikapu zao, nyingine hazina hata huo mzigo wa msamaha wa kodi.

Laki tano ya mtu wa stoo: hapana. Sikuandikii mahubiri. Mtu anayelipwa ili awadanganye wengine kuhusu double cabin, nani amekwambia hajalipwa na mwingine akudanganye wewe kuhusu single? Na mnada ukilalamikiwa unaweza kufutwa, amana yako ikiwa ndani, na jina la shemeji likiwa la kwanza kuitwa, maana yeye ndiye aliyefanya kazi pale. TAKUKURU hawatauliza nani alinyamaza. Mwambie shemeji kwa maneno haya haya, kwamba unamkinga yeye kwanza, anayetafuta kazi ya udereva sasa hivi na anayehitaji barua nzuri kutoka kwa waajiri wake wa zamani. Na Mwalimu asiendelee kunyamaza. Muombe alitamke yeye, mbele ya mdogo wake, ili lisibaki neno la mke wa kaka.

Kuhusu shemeji kuendesha, mimi naunga mkono, dereva anayejua Hilux na tope ni wa kutafutwa. Ila kubalianeni mshahara wa mwezi, siku za kazi, na mafuta yaandikwe kwenye daftari kama alivyokuwa anaandika mradini. Na wengine wakianza kukupa mizigo yao kwa malipo, pitia LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, uulize leseni kabla ya kuchukua ya kwanza.

Anza na TRA kesho asubuhi, SACCOS mchana, chai na shemeji jioni. Akikwambia ilivutwa, fundi usimlipe hata nauli.

Mjomba wa Gereji